Pumba Zipi?

Nianze na hesabu, maana hesabu haikuwa na kosa. Niliifanya mezani kwangu Nsemulwa, Mpanda mjini, nikaikagua mara tatu, na hata leo mtu akinipa kalamu nitaiandika vilevile. Chumba mita tatu kwa tatu, kimo mita mbili na nusu. Ndani kikae nyuzi nne. Nje, jua la Mpimbwe la mwezi wa kumi, nililipa nyuzi thelathini na nne. Ukuta ni tofali la kuchoma, kisha pumba sentimita ishirini, kisha tofali tena, na dari nayo nikaipa kinga ya kiasi hichohicho. Kila tabaka lina ukinzani wake: unachukua unene kwa mita, unaugawa kwa namba inayoonyesha kitu hicho kinapitisha joto kiasi gani. Ukinzani wa tofali haufiki hata sifuri nukta mbili. Pumba peke yake ni nne kamili. Ukijumlisha vyote, pamoja na hewa inayogusa ukuta ndani na nje, unapata nne na nusu. Eneo la kuta na dari ni mita za mraba thelathini na tisa. Zidisha kwa tofauti ya nyuzi thelathini, gawa kwa nne na nusu: wati mia mbili na sitini zinapenya kuingia ndani. Mashine ndogo ya sola tuliyopewa ilikuwa na uwezo wa kutoa wati mia saba. Ilibaki nafasi ya kutosha kupoza maziwa na kufungua mlango.

Toa pumba, acha tofali tupu, na joto linaloingia linapita wati elfu mbili na mia tatu. Kwa hiyo kazi yote ilisimama juu ya pumba. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale kijijini, na ndiyo maana siwezi kujitetea.

Mimi ni Eufrazia, fundi sanifu wa majokofu. Nimezaliwa kijiji kimoja ng'ambo ya Usevya. Mama yangu ni Mpimbwe, baba ni Mfipa aliyefuata mashamba ya mpunga akanogewa. Ninaishi Mpanda, lakini kijijini bado wananihesabu mtoto wao. Kikundi cha akina mama kilipopata msaada wa kujenga chumba baridi cha maziwa na samaki wa Rukwa, mwenyekiti wa kijiji, Sylvanus, ambaye ni mjomba wangu, alinipigia simu mimi.

Fundi wa kujenga alikuwa Makoye Machibya. Msukuma, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mikono kama majembe. Alikuja na ng'ombe zake kutoka Meatu miaka kumi na moja iliyopita, na miaka yote hiyo alikuwa anakaa kwenye ardhi ya kuazimwa pembeni mwa kijiji, jina lake halimo kwenye daftari la wakazi. Kabla ya kwetu alishahamishwa sehemu nne. Mkewe Mariana alikuwa anaweza kukutajia nyumba zote nne alizoziacha na milango yake ilitazama wapi. Kijiji kikamwambia Makoye hivi: tujengee chumba hiki, kifanye kazi, na mkutano mkuu utakuandika wewe na familia yako, na pale unapokaa patakuwa pako. Alikubali bila kuomba kingine chochote.

Sikumpenda, na nitasema kwa nini. Nilipokuwa darasa la sita, ng'ombe wa Wasukuma waliingia kwenye mpunga wetu usiku wakaulaza wote, na mwaka ule tulikula mihogo mpaka meno yakachoka. Hawakuwa ng'ombe wa Makoye. Makoye wakati huo alikuwa hajawahi hata kulisikia jina la Mpimbwe. Nilikuwa najua hivyo, na haikunisaidia kumpenda.

Siku ya kwanza nilimchorea ukuta chini kwa kijiti, akina mama wamezunguka, mjomba amekalia ndoo. Nikamweleza habari ya matabaka. Nilitegemea aitikie tu kwa heshima kama mafundi wengine wanavyofanya wakiwa hawajaelewa. Makoye akachuchumaa, akaangalia mchoro muda mrefu.

"Kumbe ni mageti," akasema. "Joto ni ng'ombe. Geti la kwanza ni bovu, anapita. La katikati ni imara, anahangaika nalo. La tatu bovu tena. Kwa hiyo mtu mwenye akili anaweka nguvu zake zote kwenye lile la katikati."

Chuoni ilinichukua wiki mbili kufika hapo. Nikamwambia ndiyo, ni hivyo, na nikageukia bomba la gesi, lile jembamba linalotoka kwenye mashine. Nikasema litavikwa sponji ili lisiibe joto njiani.

"Mayu," akasema Makoye. Ndivyo wanavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa. "Bomba jembamba hivi, ukilivika nguo, si na nje yake inanenepa? Joto si linapata mahali pana zaidi pa kushika?"

Hilo swali lina jawabu, na jawabu lina fomula yake. Kwenye bomba jembamba sana, ukivika kinga isiyofaa unaweza kuongeza joto linalopita badala ya kulipunguza. Ni swali nililofeli kwenye mtihani wa mwaka wa pili. Nikamtazama yule mtu, ameishia darasa la nne, magoti yana udongo, na nikahisi uso unanichemka.

"Wewe jenga ukuta," nikamwambia. "Bomba niachie mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua karatasi yangu, ile yenye vipimo, akaisoma taratibu huku midomo inacheza. Kwenye tabaka la katikati nilikuwa nimeandika neno moja: PUMBA, na mbele yake, kavu, sentimita ishirini.

"Pumba zipi, mayu?"

Ngoja nieleze. Kwetu sisi wa mpunga, ukisema pumba unamaanisha yale maganda makavu yanayotemwa na mashine ya kukoboa. Pale kijijini kuna mlima wake nyuma ya mashine, watu wanauchoma moto kuupunguza. Kwa mfugaji, pumba ni chakula, ule unga laini unaobaki mahindi au mpunga ukikobolewa, anaowahifadhia maksai wake kwa ajili ya kiangazi. Neno ni hilohilo. Fundi mwingine asingeuliza. Makoye aliuliza kwa sababu alikuwa makini.

Na mimi nikajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: "Zile unazokula wewe na ng'ombe zako."

Watu walicheka mpaka mjomba akashikilia ndoo isianguke. Wafipa na Wasukuma ni watani, na kila mtu anajua. Yeye anaweza kuniita mchawi mbele ya padri, mimi naweza kumwita ng'ombe mbele ya watoto wake, na hakuna wa kukasirika. Mtani akikasirika anaonekana hana adabu. Makoye akacheka pia. Lakini kicheko kilipoisha alibaki ananitazama, karatasi mkononi, kichwa kimeinama kidogo. Alikuwa anasubiri jibu lenyewe. Nililiona hilo waziwazi, nikavaa kofia ya pikipiki nikaondoka.

Mwezi mmoja baadaye alinipigia simu Mpanda.

"Mayu, mwangaluka. Tumeshajaza. Kuta na dari, magunia arobaini na mawili. Nimekusanya kwangu, na kwa ndugu zangu wote kule bondeni. Ni nzuri sana, ng'ombe wenyewe wanazililia."

Nikacheka, nikamwambia vizuri, awape pole ng'ombe. Nilidhani anarudisha utani. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini maganda ya mpunga hayakusanywi kwa ndugu bondeni, yapo bure nyuma ya mashine ya kukoboa, hatua mia mbili kutoka pale anapojenga. Ningefikiri kidogo tu ningejua. Sikufikiri, kwa sababu kufikiri kungenilazimu nimpigie tena na kumjibu swali lake kama mtu.

Chumba kilifunguliwa masika. Nilifunga mashine, nikalivika bomba sponji ya unene niliokokotoa, kila kitu kikaenda sawa. Siku tatu za kwanza kilishuka mpaka nyuzi sita. Wiki ya pili Esteria, katibu wa kikundi, akapiga simu kwamba kipimo kinasoma kumi na saba na mashine hainyamazi. Maziwa yameganda kwenye ndoo zote. Samaki wa watu wa Rukwa wananuka mpaka barabarani.

Nilipofika, kabla sijafungua mlango, nilisikia harufu. Ilikuwa harufu ya togwa iliyopita siku zake. Nikagusa ukuta kwa nje, upande wa kivuli, ukawa na joto la mwili. Hapo nikajua. Nilijua ni nini na nilijua ni maneno ya nani.

Nikaomba nyundo. Makoye akang'oa tofali moja kwa mkono wake mwenyewe, polepole, asivunje. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya haradali, kimeshikana mabonge, na funza wanacheza. Nikachomeka kipimajoto. Kikapanda mpaka nyuzi arobaini na saba. Pumba za ng'ombe zina mafuta, zina wanga, na zile zilikuwa zimenyonya unyevu wa masika. Zilichacha. Zikichacha zinatoa joto lake zenyewe. Geti la katikati, lile imara, lilikuwa limegeuka kuwa jiko, na kila siku lilikuwa linaingiza ndani joto ambalo mashine yangu haikuwahi kuandaliwa kulishinda.

Akina mama walikuwa wamesimama na ndoo zao. Mjomba alikuwapo. Makoye akaniuliza, sauti ya chini, "Zimefanya nini, mayu?"

Pale ndipo ningeweza kusema. Ilikuwa ni sentensi moja. Badala yake nikasikia mdomo wangu unapaza sauti: "Nani alikwambia ujaze chakula cha ng'ombe kwenye ukuta?"

Makoye alinitazama tu, kama siku ile ya karatasi, akiwa bado na tofali mkononi. Nadhani alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Mimi nikageuka nikaanza kuwaeleza akina mama jinsi uchachu unavyozalisha joto, na nilieleza vizuri sana.

Alibomoa kuta zote za ndani na dari. Hakuitwa, hakulazimishwa, alianza kesho yake asubuhi. Alitoa magunia arobaini na mawili ya uozo kwa beleshi, akaenda kuyafukia, kwa sababu hata nguruwe wasingeyala. Kisha akasomba maganda ya mpunga kutoka nyuma ya mashine ya kukoboa, akayaanika juani, akayashindilia ukutani, akajenga upya. Siku kumi na tisa. Kiangazi kikaingia na maksai wake hawakuwa na pumba za kuwashikilia. Wawili wa kulimia walilala hawakuinuka. Mariana ndiye aliyenieleza, huku anachota maji, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Niliwasha mashine. Kesho yake chumba kikasoma nyuzi nne na nusu, kikatulia hapohapo. Nilifurahi sana, nilifurahia namba zangu.

Mkutano mkuu ulipangwa Jumamosi, na ajenda ya tatu ilikuwa jina la Makoye. Ijumaa mchana alinikuta nyuma ya chumba narudishia sponji kwenye bomba. Akavua kofia.

"Mayu, kesho utasema?"

"Nitasema nini?"

"Ulivyonijibu siku ile."

"Nilikutania, Makoye. Wewe ni mtu mzima, hujui utani?"

"Najua," akasema. "Sisemi umekosea. Wewe sema tu kwamba nilikuuliza, na wewe ukanitania. Inanitosha. Wanasema mimi ni mjinga niliyeharibu mali ya kijiji, kwamba Wasukuma hatufai kupewa ardhi. Ukisema niliuliza, watajua si mjinga."

"Tutaona," nikamwambia, nikaendelea kufunga sponji. Alisimama kidogo, akashukuru, akaenda. Ndiyo, alinishukuru.

Ningeweza kusema kwamba niliogopa kazi yangu, kwamba wale waliotoa msaada wangeniandika vibaya. Niliogopa, ndiyo. Lakini haikuwa hofu tu. Kulikuwa na utamu fulani wa kumshika mtu kama yule mkononi, mtu aliyeelewa kwa asubuhi moja kilichonitoa jasho miaka mitatu, na kujua kwamba akili yake yote haimsaidii kitu bila neno langu. Utamu huo niliulamba, na sasa nausema.

Jumamosi watu walijaa. Mjomba Sylvanus alipofika ajenda ya tatu aliniita kwanza. "Mtaalamu atueleze. Lile kosa la mwanzo lilikuwa la nani?"

Nikasimama. "Maelezo yaliandikwa kwenye karatasi," nikasema. "Hesabu ilikuwa sahihi, na leo mnaona chumba kinafanya kazi. Fundi aliweka kitu tofauti na kilichokusudiwa." Kila neno lilikuwa kweli. Nikakaa.

Makoye akainua mkono. Alipopewa nafasi alisimama huku kofia ameibana kwapani.

"Mimi niliuliza," akasema. "Karatasi ilisema pumba. Nikauliza, pumba zipi. Mtaalamu akasema, zile unazokula wewe na ng'ombe zako. Nyie mlikuwepo."

Mkutano mzima ukapasuka kwa kicheko. Watu waliinamiana. Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Mjomba akajifuta machozi akasema, "Sasa Makoye, kumbe wewe unakula pumba kweli?" Wakacheka upya.

Esteria peke yake hakucheka. Akauliza kutoka pale alipokaa, "Eufrazia, ni kweli ulimjibu hivyo? Maana kama aliuliza na hakujibiwa, ni neno jingine."

Watu wakanigeukia. Makoye naye akanitazama. Uso wake ulikuwa na matumaini, sijui niseme vipi, ulikuwa wazi kabisa kama wa mtu anayefunguliwa mlango.

"Ni kweli," nikasema. "Na siku ileile nilimwambia avae kengele shingoni. Mbona hakuvaa?"

Sikuwa nimemwambia hivyo. Niliitunga palepale. Mkutano ulilipuka kiasi kwamba mwenye duka la jirani alitoka kuja kuangalia. Na Makoye akacheka. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alicheka kwa sababu mtani lazima acheke, bega linatikisika, mkono umeziba mdomo, na macho yanazunguka kwenye nyuso za watu aliowajengea, mmoja baada ya mwingine, yanatafuta asiyecheka. Kisha akakaa chini.

Walipopiga kura, wa kumwandika walikuwa tisa. Wa kukataa sikuwahesabu, walikuwa msitu wa mikono. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, na wewe ni mzaliwa wa hapa, usione haya." Nikainua wangu.

Walipewa mwezi mmoja. Waliondoka baada ya siku nane. Ng'ombe walitangulia kwa miguu na ndugu zao kuelekea kusini, na vyombo vikapakiwa kwenye Fuso: mabati, vitanda, jembe la kukokotwa bila maksai wa kulikokota. Nilikwenda kuwaaga. Nilijiambia mtani haachwi aondoke hivihivi, lazima atupiwe neno la kumsindikiza. Nadhani nilitaka Makoye acheke mara moja zaidi ili niamini kwamba yote yalikuwa utani.

Alikuwa juu ya mzigo anakaza kamba. Nikapaza sauti, "Msukuma! Huko uendako usile kuta za watu!"

Dereva akacheka. Makoye akatabasamu, mdomo tu, akaendelea na kamba.

Mariana alikuwa amekwishakaa mbele. Akafungua mlango, akashuka, akapanga khanga yake vizuri, akanijia mpaka tukawa tunagusana pumzi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

"Dada," akasema. Hakuniita mayu. "Mimi ni Msukuma, wewe ni Mfipa. Utani huu tumeukuta kwa babu zetu, hatukuuanzisha. Leo mimi nautoa kati yangu na wewe, na kati ya watoto wangu na wako. Hatuna utani tena. Kuanzia sasa neno lolote utakalotuambia tutalichukua kama lilivyo."

"Mama Mariana, mbona unafika huko, mimi natania tu."

"Ndiyo maana nimeutoa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sasa lirudie. Lile ulilomwambia mume wangu hivi sasa. Lirudie, nimsikie mtu anayelisema."

Dereva aliacha kucheka. Makoye aliacha kamba. Nilifungua mdomo, na lile neno likaja ulimini lote kama lilivyokuwa, nikalisikia kwa mara ya kwanza, na nyuma yake nikayasikia ya kengele na ya pumba. Mariana alisubiri. Alisubiri muda mrefu, mikono imetulia juu ya khanga, mpaka nikaangalia chini.

Akapanda gari, akafunga mlango, akamwambia dereva waende.